Shokapu za Baiskeli Zimekuwa Nzito? Kabla ya Kugusa Upepo, Angalia Oili

Wanaoendesha baiskeli kwenye vumbi la Hell's Gate kule Naivasha wanaijua dalili hii. Shokapu za mbele zilizokuwa laini zinaanza kuwa nzito, na kila shimo linapanda hadi mabegani. Wengi hukimbilia kuongeza au kupunguza upepo, kumbe mara nyingi kilichoisha ni oili.

Ndani ya miguu ya chini ya shokapu kuna oili kidogo sana, kwa modeli nyingi ni mililita chache tu kila mguu. Inalainisha bushi na pete za sponji zilizo chini ya sili, ili bomba linalong'aa liteleze bila kusuguana. Oili ikichafuka, vumbi lililopenya linageuka msasa. Bomba likishakwanguka, hakuna dawa rahisi. Kwenye shokapu nyingi mabomba yameshindiliwa kiwandani, kwa hiyo hubadilishwa sehemu nzima ya juu, na bei yake inaweza kumfanya mtu aone afadhali kununua shokapu nyingine.

Kwa shokapu zake nyingi, kampuni ya RockShox inaelekeza miguu ya chini ifanyiwe sevisi kila baada ya saa 50 za kuendesha. Fox wanasema saa 125 au mara moja kwa mwaka. Anayetoka kila Jumamosi kwa saa tatu hufikisha saa 50 ndani ya miezi minne hivi.

Kazi yenyewe inawezekana nyumbani, ila upepo wote utolewe kwanza. Kufungua shokapu yenye presha ni hatari, kipande kinaweza kuruka na kumpiga mtu usoni. Tairi na kaliper ya breki nazo zitolewe na kuwekwa mbali, kwa sababu tone moja la oili kwenye diski au pedi linatosha kuua breki.

Bolti mbili zilizo chini kabisa ya miguu zinalegezwa mizunguko mitatu au minne bila kutolewa, kisha zinagongwa polepole kwa nyundo ya plastiki mpaka fimbo za ndani ziachie. Hapo ndipo bolti hutolewa na miguu kuvutwa chini, beseni likiwa tayari. Oili ikitoka nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, sevisi ilikuwa imechelewa.

Kila kitu kinafutwa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Sponji zinaoshwa au kubadilishwa, halafu zinalowekwa kwenye oili mpya, na sili zinapakwa grisi ya shokapu. Miguu inarudishwa nusu, oili inaingizwa kwa sirinji kupitia matundu ya bolti, kisha inasukumwa hadi mwisho na bolti kufungwa kwa washa mpya. Zisikazwe kwa hasira, meno yake huharibika upesi.

Kiasi cha oili ndicho kinachowaponza wengi. Hutofautiana kwa modeli, kwa mwaka, hata kati ya mguu wa kushoto na wa kulia, na kipimo kimo kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kujaza zaidi hakusaidii kitu. Oili iliyozidi inakula nafasi ya hewa na shokapu inashindwa kuzama hadi mwisho. Ile oili chafu ya injini inayopatikana bure gereji isiguse kabisa humo, imebeba chembe za chuma.

Dampa, yaani kile kifaa cha oili kinachopunguza kasi ya shokapu kurudi juu, ni habari nyingine. Kinataka vifaa maalumu, na fundi anayekijua ndiye wa kukifungua. Shokapu za bei ya chini zenye springi ya chuma nazo hufunguliwa kwa njia tofauti, na baadhi hazikutengenezwa kwa sevisi ya aina hii. Hizo zinatosha kufutwa kila baada ya safari, bila kupigwa maji ya presha kwenye sili.

Baada ya kufunga na kujaza upepo, baiskeli iachwe usiku mzima juu ya gazeti. Asubuhi likiwa na doa la oili, washa haijakaa sawasawa, na bolti ifunguliwe upya kabla ya kutoka.