Taya linalovimba bila kuuma

Ukiumwa jino huku Newala, kusini mwa Tanzania, hukai wiki. Usiku wa kwanza unasukutua maji ya chumvi, wa pili unabana karafuu, asubuhi ya tatu uko kwenye benchi la hospitali unangoja sindano ya ganzi. Jino likishang'oka, umemaliza. Ugonjwa mkubwa wa taya hauji hivyo. Unakuja kimya, hauna homa wala usaha, na mwenye nao anaendelea kubangua korosho kana kwamba hana kitu.

Uvimbe unaowasumbua zaidi watu wazima huitwa ameloblastoma. Huanzia kwenye mabaki ya chembe zilizotengeneza gamba gumu la jino wakati jino linaota. Kwa kawaida si saratani ya kusambaa mwilini, lakini hula mfupa wa taya polepole, mara nyingi taya la chini, nyuma kwenye magego, na huwapata sana watu walio katika umri wa kufanya kazi. Utafiti wa miaka minne uliofanywa na wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa 2005 uliukuta ndio unaoongoza kwa mbali kati ya uvimbe unaotokana na chembe za meno nchini.

Dalili ya kwanza ni ndogo mno: gego zima, lisilo na tundu wala weusi, linaanza kucheza. Mgonjwa anakwenda kuling'oa. Kidonda kinachelewa kufunga. Baada ya miezi jino la jirani nalo linacheza, linang'olewa. Kufikia la tatu shavu limeanza kutuna. Kwa maoni yangu vita vya taya mtu hushinda au hushindwa pale kwenye kiti cha kung'olea jino, kabla ya daktari bingwa yeyote kuhusika. Jino zima linalolegea kwa kijana linahitaji picha ya eksirei kabla ya koleo. Kama picha haipatikani hapo, mgonjwa ana haki ya kuandikiwa aende inakopatikana, na aliulize hilo bila kuona haya.

Mjini utasikia kwamba watu wa kusini huchelewa kwa sababu wanaogopa kisu na kukimbilia waganga. Waganga wapo, sikatai. Lakini hofu ya kisu? Huku kwenye uwanda wa Wamakonde bado wapo mabibi wenye chale uso mzima na tundu la pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu, na wazee waliochongwa meno wakiwa vijana. Wala upasuaji si jambo geni hapa. Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alifika Lulindi, Masasi, 1935, na akafanya operesheni katika majengo ya udongo na nyasi. Huko Ndanda, hospitali ya Wabenediktini imehudumia vizazi kadhaa. Anayemcheka mgonjwa wa Newala kwa woga hajamfahamu.

Kinachochelewesha ni kwamba uvimbe hauumi, na safari ni ghali. Kutoka Newala mgonjwa anaweza kupelekwa Ndanda, au hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Ila operesheni kubwa ya taya kwa miaka mingi imemaanisha Muhimbili, na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, yenye kilomita 210, imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande. Nauli hulipwa mara mbili, maana hakuna aendaye peke yake. Kuna chakula cha msindikizaji, na kuna kulala kwa ndugu aliyeko Mbagala, ambaye ukarimu wake nao una kikomo. Fedha za kaya huingia korosho zikishauzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU, kuanzia Oktoba kwenda mbele. Uvimbe ulioonekana Februari unaambiwa usubiri msimu. Msimu ukiwa mbaya, unasubiri mwingine.

Akifika, mgonjwa hushangaa kwamba hapasuliwi siku hiyo. Anapigwa picha, anachukuliwa kinyama kidogo, kisha anangoja majibu. Hapa kwenye kungoja ndipo wengi hukosea, wakidhani wametelekezwa, wakapanda basi kurudi. Majibu ndiyo yanayoamua kisu kiingie kiasi gani. Ameloblastoma ikikwanguliwa tu hurudi mara nyingi, kwa hiyo daktari hukata mfupa hadi sentimita moja au mbili ndani ya sehemu nzima. Pengo linaunganishwa kwa bamba la titani lenye matundu ya skrubu, lililokunjwa kufuata umbo la taya. Baadaye, hali ikiruhusu, huwekwa mfupa uliotolewa nyongani au mguuni.

Kuna jambo moja linalopaswa kusemwa mapema. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita ndani ya taya, na mara nyingi huondoka pamoja na uvimbe. Upande huo unabaki na ganzi, pengine maisha yote. Uji unamchuruzika mgonjwa kidevuni bila yeye kujua, na chai ya moto inaweza kumuunguza mdomo asihisi. Aliyeambiwa kabla hujifunza kuweka leso karibu. Asiyeambiwa huacha kula mbele za watu, na nyumbani wanadhani amekuwa na majivuno.

Kwa watoto hesabu ni tofauti kabisa. Taya la mtoto wa miaka mitano au saba likivimba kwa kasi, ndani ya wiki chache, meno yakalegea na jicho likaanza kutokeza, huenda ni limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Uganda, aliieleza 1958, na 1961 akazunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika kwa gari akiuliza iko wapi na haiko wapi. Ramani yake ililingana na ukanda wa joto na mvua, wenye malaria, na 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika uvimbe huo. Hii ni saratani, lakini hutibiwa kwa dawa, si kwa kukata taya, na ikiwahiwa wengi hupona. Mtoto huyu hangoji korosho.

Na kuna ajali za bodaboda. Taya lililovunjika hujulikana kwa swali rahisi: meno yanakutana kama jana? Kama hayakutani, si jeraha la kupaka dawa. Mara nyingi meno ya juu na ya chini hufungwa pamoja kwa waya kwa wiki nne hadi sita. Kando ya kitanda lazima kuwe na mkasi wa kukatia waya, mgonjwa akitapika asije akapaliwa, na msindikizaji aonyeshwe waya za kukata. Chakula hupita kwa mrija nyuma ya gego la mwisho. Uji mtupu wa muhogo utamkondesha. Usagiwe karanga au korosho, uongezwe maziwa na mafuta, uchujwe.

Aliyekatwa ameloblastoma hatakiwi kupotea baada ya nyuzi kutoka. Inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, kwa hiyo marudio ya kila mwaka ni sehemu ya tiba. Hapo mkulima azungumze na daktari waziwazi kuhusu tarehe. Akipangiwa Machi, msimu wa mvua, mfukoni hana kitu. Akiomba Novemba, nauli ipo.