Fuko wachanga hujifunzaje lafudhi ya kwao?

Mtu akisema maneno mawili matatu tu, mara nyingi unajua ni wa Mombasa au wa Mwanza. Kumbe kuna mnyama wa chini ya ardhi mwenye mambo hayo hayo, na kwake kukosea lafudhi ni hatari.

Tuanze na panya wa kawaida. Mtoto wa panya huzaliwa hasikii. Masikio yake hufunguka akiwa na siku kama 12. Lakini hata kabla ya hapo, akitoka kwenye kiota na baridi ikampiga, analia. Wewe humsikii, maana sauti yake inazidi mitetemo 20,000 kwa sekunde, mwisho wa sikio la binadamu. Mama anasikia, anakuja kumbeba kwa mdomo. Mlio huo hakufundishwa, amezaliwa nao. Hata panya viziwi tangu kuzaliwa hulia karibu sawa na wenzao.

Sasa njoo kwa fuko asiye na manyoya, anayeishi Kenya, Ethiopia na Somalia. Kila kundi lina malkia mmoja anayezaa. Macho yao karibu hayaoni, kwa hiyo wakikutana gizani husalimiana kwa mlio mfupi, laini. Mgeni hushambuliwa, hata kuuawa.

Mwaka 2021, Alison Barker, Gary Lewin na wenzao wa kituo cha Max Delbrück, Berlin, walieleza walivyorekodi zaidi ya milio 36,000 ya fuko 166 kutoka makundi saba. Programu ya kompyuta iliweza kutambua mlio ni wa kundi lipi.

Je, ni damu au malezi? Watafiti walihamishia watoto watatu yatima kwenye makundi ya wengine. Walipokua, walilia kwa lafudhi ya walezi wao. Watatu ni wachache, ndiyo, lakini wote walielekea upande mmoja. Tena malkia alipokosekana, lafudhi ya kundi ililegea, kila mmoja akilia kivyake. Alipopatikana malkia mpya, ikarudi kuwa moja.

Kwa nini tujali? Mamalia wanaojifunza sauti kwa kusikiliza wengine ni wachache: binadamu, popo, nyangumi, tembo, sili. Nyangumi huwezi kumfuga maabara. Fuko unaweza, na kupitia kwake tunaweza kuchunguza ubongo mchanga unavyogeuza sauti za nyumbani kuwa sauti yake mwenyewe.