Moshi wa Kwanza ni Maji

Nilikwenda kuulizia bei ya gunia la mkaa. Katika mapori yaliyo kati ya Kiwangwa na Mto Wami, wilayani Bagamoyo, mzee mmoja mchoma mkaa alinijibu suala la bei kwa maneno machache, kisha akanisogeza upande ambao upepo unatokea, macho yasiwashe. Akanyoosha kidole kwenye moshi uliokuwa ukipanda kutoka ubavuni mwa tanuri lake, mweupe na mzito.

"Huo bado si moshi, mwanangu," akasema. "Hayo ni maji ya mti. Moto unayatoa kwanza, ndipo uanze kazi."

Nimeandika habari za mkaa mara nyingi: vibali, bei, mageti ya maliasili, gesi ya mtungi. Sikuwahi kuufikiria mkaa kuwa habari ya maji. Kauli ile haijaniachia, na makala haya yametokana nayo.

Tanuri la kienyeji si lundo la kuni zinazowaka. Ni kazi yenye hesabu, na mzee huyu, ambaye hakutaka jina lake liandikwe, ameifanya tangu ujana wake. Magogo hukatwa kwa urefu unaolingana na kupangwa juu ya vijiti vilivyolazwa chini, ili hewa kidogo ipite. Manene hukaa katikati, membamba pembeni, na matawi hujaza mianya. Mwanya ndio adui, kwa sababu moto ukipata hewa nyingi unakula kuni badala ya kuziivisha. Baadaye hutandikwa majani mabichi, juu ya majani hupigwa udongo, hadi lundo zima lifunikwe na kubaki mdomo wa kuwashia na matundu machache ya kupumulia upande wa pili.

Likishawashwa, mwenye tanuri hana usingizi. Mzee amejijengea kibanda cha makuti hatua chache pembeni, na usiku huamka kila mara kuusoma moshi. Siku za mwanzo ni ule mweupe. Alinitaka nipitishe kiganja haraka juu ya tundu moja, kikarudi kimelowa. Mti mbichi unaweza kuwa na maji theluthi moja hadi nusu ya uzito wake, na maji hayo yote lazima yaondoke kabla kuni hazijaanza kugeuka mkaa. Kisha moshi hugeuka wa manjano, unaokaba koo na kutoa machozi. Mwisho hubaki wa buluu, mwembamba, wa kuutafuta kwa macho. Hapo kila tundu huzibwa kwa udongo. Akipitiwa na usingizi saa hiyo, asubuhi anavuna jivu.

Kuni zinavyosinyaa ndivyo tanuri linavyotitia na kupasuka nyufa, naye hulazimika kupanda juu yake, chini kukiwa na moto, ili kuziba. Mguu wake wa kushoto una kovu refu kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Hilo alilipata siku udongo ulipokatika. Hakulisimulia zaidi ya hapo. Aliokota vipande viwili vya mkaa wa tanuri lililopita akavigonganisha: mkaa ulioiva vizuri unalia kama kigae, na mzee anaujivunia mlio huo.

Tatizo ni kwamba tanuri la namna hii, hata mikononi mwa fundi, hupoteza sehemu kubwa ya kinachoingia. Kilo kumi za kuni zinaweza kutoa kilo moja au mbili tu za mkaa. Kilichobaki kimekwenda hewani, ikiwamo kaboni ambayo mti uliihifadhi miaka yote na ambayo sasa inaongeza joto la dunia. Zamani, anasema, alichoma myombo na mtondoro tu, kwa sababu mkaa wake unakaa na moto. Siku hizi anachoma anachokipata, hata mikorosho na miembe iliyozeeka anayouziwa na wenye mashamba. Alipoanza, tanuri lilikuwa karibu na nyumbani. Sasa hupanda pikipiki kulifikia.

Safari hiyo ya mzee kuufuata mti ina ushahidi wa kisayansi. Mwaka 2010 mtafiti Antje Ahrends na wenzake walichapisha katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani uchunguzi wa misitu inayolizunguka Jiji la Dar es Salaam. Waliona ukataji unatoka jijini kwa mawimbi yanayofuatana: kwanza mbao za thamani kubwa, zikifuatwa na mbao za kawaida, na nyuma kabisa mkaa, ambao hauchagui sana. Kati ya 1991 na 2005 wimbi la mkaa lilisogea kutoka kilomita 20 hivi hadi kilomita 50 kutoka jijini. Lile la mbao lilikwenda kasi zaidi, hadi kilomita 9 kwa mwaka.

Nyuma ya wimbi la mkaa kuna jiko. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2009 kwamba kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007, na kwamba jiji hili peke yake lilikuwa likitumia karibu nusu ya tani milioni moja za mkaa zilizokuwa zikichomwa nchini kwa mwaka. Magunia ya lumbesa yanayopangwa kando ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata yana mteja anayejulikana.

Mteja huyohuyo ana kiu. Maji mengi ya Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu, kupitia mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi na wa Ruvu Chini hapahapa Bagamoyo, uliojengwa mwaka 1976. Oktoba 2022, vuli ilipochelewa, mto ulipungua kiasi kwamba uzalishaji ulitangazwa kushuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300. Jiji likaingia kwenye mgawo. Wenye uwezo walinunua maji ya maboza, wengine walipanga ndoo visimani. Wakati wote huo majiko yaliendelea kuwaka kwa mkaa uliotoka Bagamoyo, Kisarawe, Morogoro na Handeni, na baadhi ya ardhi hiyo imo katika bonde lilelile la Ruvu.

Sitaki kurahisisha mambo. Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, mbali na tanuri nililolitazama. Mwaka ule ukame ulikumba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ukisukumwa na hali ya bahari za mbali, na huko juu ya mto kulikuwa na mifugo na michepusho ya maji ambayo serikali iliagiza iondolewe. Mvua za pwani huletwa zaidi na pepo za Bahari ya Hindi, si na pori la Kiwangwa. Hata suala la mti na mto lina pande mbili, kwa kuwa mti nao unakunywa: msitu ukifyekwa, mto unaweza hata kuongezeka maji kwa muda.

Lakini kuna yasiyo na ubishi. Chini ya msitu, majani yanayooza na mizizi huifanya ardhi inyonye mvua na kuiachia taratibu hadi kiangazi. Ardhi iliyobaki wazi hupigwa na masika ikajifunga. Maji huteleza juu yake, yanachimba makorongo na kubeba tope hadi mtoni, na kiangazi kikifika hakuna cha kuachia. Mti hai pia hutoa maji hewani kupitia majani yake, na kazi hiyo hupoza mahali ulipo. Ushahidi wa mzee kwamba joto limeongezeka uko katika nyayo zake: zamani aliweza kutembea pekupeku saa saba mchana, leo hawezi.

Wakulima wa mananasi wa Kiwangwa wanaishi katikati ya mabadiliko hayo. Nanasi huvumilia ukame kuliko mahindi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kulipenda. Mahindi ndiyo yanayoumia vuli inapokatika katikati, na mahindi ndicho chakula. Shamba likichoka, jipya hufunguliwa porini, miti yake inakuwa mkaa, na fedha ya mkaa inalipia vibarua wa kulilima. Nani wa kumlaumu hapo? Mkulima, mchomaji, au mimi niliyekua nikila wali uliopikwa kwa mkaa huo?

Serikali imewahi kujaribu njia ya mkato. Mwanzoni mwa 2006, nchi ikiwa katika ukame, biashara ya mkaa ilipigwa marufuku. Marufuku haikudumu, kwa sababu watu walipaswa kula. Sasa kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, na ninaliunga mkono. Nilipomweleza mzee, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mkishapata gesi wote huko mjini, sisi mtatununulia nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nimelitafuta tangu siku ile, na la karibu zaidi nililolipata liko wilayani Kilosa. Kuanzia mwaka 2012, vijiji vya huko vilijaribu mkaa endelevu. Msitu wa kijiji uligawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kurukana, visiki vikaachwa vichipue, na kipande kilichovunwa kikapangiwa kupumzika miaka 24. Ushuru uliingia kwenye mfuko wa kijiji, hivyo kijiji kikawa na sababu ya kuulinda msitu wake. Je, mpango huo unaweza kushindana na gunia linalopita usiku bila kibali? Je, ardhi ya Bagamoyo, inayogombewa na viwanja, mashamba makubwa na mifugo, bado ina nafasi ya kuacha kipande kipumzike miaka 24?

Hata hivyo jambo moja naliona wazi. Katika bei ya gunia kuna kibali, ushuru, nauli, faida ya dalali na kovu la mzee. Maji hayamo. Hayamo pia katika ankara ya maji ya jiji, inayotoza bomba, dawa na umeme wa pampu bila kumkumbuka anayeutunza msitu. Mpaka sehemu ya fedha hizo irudi kijijini kwa njia ambayo mchomaji anaweza kuihesabu mkononi, mti uliosimama utaendelea kuwa hauna bei, na uliolala tanurini utaendelea kulisha watoto wake. Kabla ya 2034 mtu serikalini anadaiwa jibu la swali la mzee yule, na jibu lenyewe litaje fedha.