Kiti Kilichopigwa Picha Bila Kamera

Mwaka 2006 katalogi ya IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi, ilibeba picha ya kiti cha mbao kiitwacho Bertil. Kiti chenyewe kilikuwa kikiuzwa madukani, lakini hakuna kamera iliyopiga picha ile: ilitengenezwa kwenye kompyuta. Miaka mitatu baadaye, kwa masimulizi ya wahusika wenyewe, kitengo kilichokuwa kikitengeneza picha hizo kilipokea lawama kutoka ndani ya kampuni. Acheni mambo ya kompyuta, waliambiwa, baadhi ya picha zenu ni mbovu mno. Zilipokaguliwa, zile mbovu zikakutwa ni za kamera, na nzuri ndizo za kompyuta. Kufikia 2014, takriban robo tatu ya picha za bidhaa za kampuni hiyo zilikuwa hazijapita kwenye lenzi.

Kwa hiyo mbunifu anayeuliza ni programu gani ya kurenda, yaani ya kugeuza modeli ya kompyuta kuwa picha, inayotoa picha kali kuliko zote anauliza swali lililokwisha kujibiwa. Zote zinatoa. Mwaka 1986 James Kajiya alichapisha mlinganyo unaoeleza jinsi nuru inavyodunda kutoka uso mmoja hadi mwingine kabla ya kufika jichoni, na mpaka leo V-Ray ya Bulgaria, KeyShot, na Cycles iliyomo ndani ya programu ya Blender zinahangaika na mlinganyo uleule. Zinarusha miale mingi kwa kubahatisha, kisha zinatafuta wastani. Miale ikiwa michache, picha inajaa chengachenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Kupunguza chenga hizo kwa nusu kunahitaji miale mara nne, ndiyo maana picha inayoonekana imebakiza kidogo tu huweza kukukeshesha. Siku hizi kuna vichujio vya kuzifuta chenga hizo, ila viangalie: hufuta pia maandishi madogo yaliyochorwa kwenye kitufe.

Programu hizi zinatofautiana mlangoni, pale modeli inapoingia. Programu za usanifu kama SolidWorks na Fusion huhifadhi umbo kwa hesabu. Duara hubaki duara hata ukilisogelea vipi. Programu ya kurenda kwa kawaida hutaka umbo lililokatwakatwa kuwa pembetatu. Ukikata kubwa, chupa yako ya mviringo inatoka na pembepembe. Ukikata ndogo kupita kiasi, faili linanenepa mpaka kompyuta inagoma. KeyShot hufungua faili za SolidWorks na za STEP, muundo wa pamoja wa programu za usanifu, moja kwa moja na kuzikata yenyewe. Blender haisomi STEP bila kuongezewa programu-jalizi, basi wengi hupitia STL, muundo wa pembetatu tu, ambao kwa kawaida haubebi rangi wala majina ya sehemu. Birika lenye mpini, kifuniko, kitufe na skrubu linaingia likiwa bonge moja. Unalichambua, unaipa kila sehemu chuma au plastiki yake, unapanga taa. Jioni mteja anapiga simu: kifuniko kipandishwe milimita mbili.

Kwa njia ya STL, sehemu kubwa ya kazi hiyo inaanza upya. KeyShot ikiwa imeunganishwa na programu ya usanifu, badiliko linaingia na kila rangi inabaki mahali pake. Hapo ndipo ninapoielewa bei yake, ambayo si ndogo, na hulipwa mwaka hadi mwaka. Mmoja wa waasisi wa kampuni yake ni Henrik Wann Jensen, Mdenmark aliyepata tuzo ya kiufundi ya Oscar mwaka 2004, pamoja na wenzake wawili, kwa hesabu za nuru inayopenya ngozi na vitu kama nta.

Blender haina bei. Mwaka 2002, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilipofungwa, mwasisi wake Mholanzi, Ton Roosendaal, aliomba watu wachange euro 100,000 ili aikomboe kutoka kwa wawekezaji. Zilitimia ndani ya wiki saba. Kwa kijana wa Mwanza au Nairobi anayerenda bidhaa mbili tatu kwa mwezi, ningemwambia aanzie hapo bila wasiwasi. Adha ya STL anaweza kuikwepa kwa FreeCAD, nayo ya bure, inayosoma STEP na kuitoa katika muundo wa glTF, ambao Blender huupokea.

Achungulie pia ndani ya mashine yake. KeyShot ilianza kutumia kadi ya michoro mwaka 2019, na mwanzoni ilikuwa ya NVIDIA tu. Bila hiyo kazi yote ilibebwa na prosesa. Cycles haichagui sana.

Na kuna dosari ambayo leseni haiitibu. Kitu halisi hakina kona iliyo kali kabisa. Hata meza ya chuma ina mviringo mdogo ukingoni unaonasa nuru, na mstari ule mwembamba wa mwanga ndio unaolihadaa jicho. Picha nyingi zinazoonekana za bandia zimeukosa. Dosari za taa zinatibika bure: Poly Haven, mradi wa Afrika Kusini, hugawa picha za mazingira za kumulikia modeli bila kudai hata senti.

Muda wa kuijaribu programu kabla ya kuilipia, basi, usiutumie kulipamba gari la mfano lililokuja na programu. Ingiza modeli yako yenye sehemu nyingi kuliko zote, ivishe, kisha rudi kwenye usanifu, badilisha kipimo kimoja na uiingize tena. Ikikuchukua dakika tano kurudisha picha ilivyokuwa, lipa. Ikikuchukua nusu siku, tafuta nyingine, hata kama picha yake inang'aa.