Wosia si wa wazee peke yao

Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Yesu anafundisha umati wakati mtu mmoja anapomkatiza. Anataka Bwana amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu anakataa kuwa mwamuzi wao. Mahubiri mengi hupita hapo haraka kwenda kwa tajiri mpumbavu na ghala zake, lakini leo tubaki kidogo na huyu ndugu. Mali ipo, na ndugu wawili wameshindwana hadi mmoja anatafuta mwalimu wa dini amsemee.

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo. Zaidi ya watu 20 walifariki. Hawakuwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri mchungaji kitandani. Walikuwa watu wa biashara, waliotoka nyumbani wakiaga kama siku zote.

Mpendwa msomaji, tukitaja wosia wengi humfikiria mzee mwenye mashamba. Hebu mfikirie kijana wa miaka 27 mwenye fremu Kariakoo, hajaoa. Nusu ya mzigo wake dukani ni mali kauli. Yeye naye amewakopesha wateja wa mikoani, na hesabu iko kichwani, au kwenye simu ambayo namba yake ya siri anaijua peke yake. Kodi ya fremu amelipa ya mwaka, kilemba alikitoa bila risiti. Akiondoka leo, wanaomdai watafika msibani kabla ya jeneza. Anaowadai hawataonekana. Na mama yake kijijini, aliyezoea kutumiwa pesa kila mwezi, hatajua aanzie wapi. Wosia wa kijana huyu unaanza na daftari: nani ananidai, nani namdai, mama apate nini.

Akioa, karatasi ile haitoshi tena. Watoto watalelewa na nani? Ada itatoka wapi? Na kama kuna mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, ambaye kanisani hatajwi, basi kwenye wosia atajwe. Katika Mwanzo 25, Ibrahimu aliwapa wana wa masuria zawadi zao akiwa hai, hakumwachia Isaka kazi hiyo.

Kuna jambo ambalo akina mama wengi hulijua siku ya kikao cha ukoo. Pasipo wosia, mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani. Ikionekana aliishi kimila, zinaweza kutumika kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo hazimpi mjane sehemu ikiwa ndugu wa ukoo wa mumewe wapo. Zinamwacha atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka suala hili hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikakubaliana nao. Cheti cha ndoa ya kanisani ni kitu kizuri, baba, lakini hakitasema nyumba ni ya nani.

Na wazee wetu? Kwao tatizo ni nyumba. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati, viwanja vyake sasa vinawindwa na wajenzi wa maghorofa. Mnunuzi hana haja ya kuwashawishi watoto wote saba. Humtafuta yule mwenye shida zaidi. Mzee aseme mapema kama nyumba iuzwe au isiuzwe, na bibi atakaa wapi. Selofehadi hakuacha mtoto wa kiume, na mabinti zake watano walilazimika kusimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai haki yao (Hesabu 27). Walipewa, ndiyo, lakini fikiria siku ile ilivyokuwa kwao.

RITA huandaa na kuhifadhi wosia, na unaweza kuubadilisha wakati wowote ungali na akili timamu: ukioa, ukipata mtoto, ukifiwa. Tafuta mashahidi wasiopungua wawili, wanaojua kusoma na kuandika, wasiorithi chochote humo. Mzee wa kanisa anaweza kuwa mmoja wao. Kisha mwambie mtu unayemwamini ulipohifadhiwa.