Kura za Burundi na mzigo wa Bangwe

Mfanyabiashara wa Bangwe anayepeleka bidhaa Bujumbura aweza kudhani kwamba akizuia mzigo mpaka matokeo ya urais yatangazwe, amekwepa hasara. Kumbukumbu hazimuungi mkono.

Uchaguzi wa Juni 1, 1993 ulipita kwa utulivu. Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Meja Pierre Buyoya. Balaa lilikuja Oktoba 21, Ndadaye alipouawa na wakimbizi wakamiminika Kigoma. Buyoya alipotwaa madaraka Julai 1996, nchi jirani, Tanzania ikiwemo, ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, vilivyoondolewa Januari 1999. Miaka miwili na nusu! Mtaji gani mdogo husubiri hivyo?

Mwaka 2015 balaa lilitangulia kura. Ghasia zilianza Aprili, Mei meli ya Liemba ikawa inasomba wakimbizi kutoka Kagunga, na uchaguzi ukafanyika Julai 21.

Kwa hiyo kalenda ya uchaguzi haitoshi. Anayeumia zaidi ni aliyetoa mali kauli akisubiri kulipwa faranga: ziwa likifungwa hafiki kudai, na faranga ikishuka, deni lake nalo limepungua. Aliyelipwa shilingi taslimu kabla ya kupakia hupata faida ndogo, lakini ameishaitia mfukoni.