Sayansi ya Jikoni (Sehemu ya Nne): Friji Ikizimika, Anza na Samaki

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungezungumzia moshi na jinsi unavyohifadhi samaki. Ahadi hiyo itasubiri. Jumanne usiku umeme ulikatika hapa Tanga, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya tatu taa ziliwaka lakini friji haikunguruma. Ndani mlikuwa na kilo 2 za nyama ya ng'ombe, vibua 6, maziwa, maharage ya nazi, bakuli la wali wa mchana, mchicha, nyanya na mayai. Ni Februari, jua la kaskazi ni kali, na kipimajoto cha jikoni kilionyesha nyuzi 31 ilhali usiku ulikwisha kuingia.

Nilimpigia simu shangazi yangu, aliyelea watoto wanane bila friji.

"Shikamoo shangazi. Friji imekufa na imejaa chakula."

"Marahaba mwanangu. Umeifungua mara ngapi?"

Nikamwambia mara nne.

"Basi usiifungue tena mpaka ujue unachotoa. Anza na samaki. Habari za nyanya usiniambie."

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu yana kitu ambacho friji imetusahaulisha. Tumezoea kuhesabu vyakula vyote kuwa sawa: kimo ndani ya friji, basi ni kizima. Siku friji ikizimika, ama tunavitupa vyote kwa hofu, ama tunavila vyote kwa kuionea uchungu fedha yetu. Shangazi hakuwaza hivyo kamwe. Kwake kila chakula kina adui wake na kina muda wake.

Tuanze na muda. Friji iliyozimika na kubaki imefungwa huhifadhi ubaridi wake kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hadi juu hustahimili hadi saa 48, na iliyojaa nusu saa 24, kwa kuwa vitu vilivyoganda hupoozana. Hesabu hizo ni za mlango usiofunguliwa na mpira wake ukiwa mzima. Wenye mpira uliochakaa wapunguze. Nyama ikitoka kwenye friza bado ina chembe za barafu ndani, unaweza kuigandisha tena kwa jirani bila wasiwasi. Ikishalainika yote lakini ingali baridi, ipikwe mara moja, na ikiwa imelala kwenye joto usiku kucha, si ya kula tena.

Shirika la Afya Duniani linatushauri tuweke chakula chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kati ya nyuzi hizo bakteria hustawi. Wanapopata joto na unyevu wa kutosha, baadhi yao hugawanyika kila dakika 20. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na baada ya saa 7 mmoja yule amezaa zaidi ya milioni 2. Jikoni kwangu, kwenye nyuzi 31, walikuwa katika neema kubwa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu wengi wetu tunaamini pua. Tunafunua sufuria, tunanusa, tunasema "bado kizima". Pua ni shahidi mzuri wa uozo. Lakini bakteria wanaotoa harufu ya kuvunda mara nyingi sio wale wanaoleta ugonjwa. Chakula kinaweza kunukia vizuri na kikakulaza hospitali, na maziwa yaliyochachuliwa vizuri yana harufu kali na hayakudhuru.

Samaki ndiye mfano wa kwanza. Kibua, jodari, nguru na dagaa wana kiini cha protini kiitwacho histidini kwa wingi. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria hukigeuza kiini hicho kuwa histamini. Anayemla huiva uso, huwashwa mwili, huumwa kichwa, na pengine moyo humwenda mbio. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, kumbe ni samaki huyo tu aliyechelewa. Na histamini ikishaingia haitoki. Kukaanga hakuiondoi, moshi hauiondoi, chumvi na ndimu haziiondoi. Kwa hiyo chumvi ya ng'onda na mafuta ya kikaango vinamfaa samaki aliye bado mbichi barabara. Havimwokoi aliyekwisha kuharibika. Vibua vyangu vilikuwa bado baridi mkononi. Nikavipaka chumvi, nikavikaanga vikavu usiku ule ule, vinne vikaenda kwa jirani.

Wali ni mfano wa pili, nami naujua uchungu wa kuusema, maana kiporo cha wali na chai ya rangi ni kifungua kinywa nilichokulia. Kwenye mchele kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Moto wa jiko humuua, lakini mbegu zake ngumu hubaki hai ndani ya wali uliopikwa. Wali ukikaa nje ukiwa vuguvugu, mbegu huchipua na bakteria hutoa sumu inayoleta kutapika. Sumu hiyo haivunjwi na kuchemshwa wala kukaangwa upya. Kupasha moto kiporo kunaua bakteria, sumu inabaki.

Kuhusu nazi sina haja ya kueleza sana. Kila aliyekulia Pwani anajua kuwa maharage ya nazi huchacha mapema kuliko ya mafuta. Tui lina maji, mafuta, sukari na protini pamoja, karamu kamili kwa vijidudu. Mchuzi wa nazi uliwe kwanza.

Maziwa yanahitaji neno moja la tahadhari. Watu husema "yakiganda si mtindi tu?" Si lazima. Mtindi ni kazi ya bakteria maalumu wanaotengeneza asidi kwa haraka kiasi cha kuwafukuza wenzao wabaya. Katika maziwa yaliyochemshwa au ya pakiti bakteria hao wameshauawa, hivyo yakikatika yenyewe yamekatwa na yeyote aliyetangulia kufika. Yachemshe yangali mazima, yaache yapoe hadi kidole kistahimili, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana ulio mzuri, funika. Asubuhi una mtindi, na asidi yake inaulinda. Togwa hukaa kwa hekima hiyo hiyo.

Nyama niliikata vipande, nikaichemsha kwa chumvi na tangawizi, na nusu yake nikaipeleka kwenye friza ya muuza duka wa mtaani. Nilinunua pia barafu kwa wauza samaki nikaijaza kwenye deli. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto ambalo lingeweza kuyapandisha maji ya uzito huo huo kutoka nyuzi 0 hadi 80. Deli lenye mfuniko mzuri, likiwekwa mbali na jiko, lilinitosha siku mbili, mradi maji ya barafu niliyamwaga na kuongeza nyingine.

Nyanya, vitunguu, viazi, ndizi na maembe havina haki ya kuwamo ndani ya friji. Nyanya hupoteza ladha kwenye baridi kali, ndizi huwa nyeusi ganda. Mayai yasiyooshwa hukaa vizuri kivulini. Ukiyaosha unaondoa utando unaoziba vitundu vya maganda yake.

Wasomaji wawili waliwahi kuniuliza kuhusu chungu ndani ya chungu, chenye mchanga mbichi katikati. Alikisambaza mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria, aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi na kupewa Tuzo ya Rolex mwaka 2000. Katika majaribio yake biringanya zilikaa siku 27 badala ya 3. Siri ni ile ya mtungi wetu wa maji: maji yakigeuka mvuke hubeba joto, na kila kilo ya maji inayokauka hubeba zaidi ya mara 7 ya joto linalonyonywa na kilo ya barafu inayoyeyuka. Lakini hewa lazima iwe kavu ili iyapokee maji hayo. Dodoma wakati wa kiangazi, chungu hicho kitakufaa sana kwa mchicha na nyanya. Hapa Tanga hewa imekwisha kushiba unyevu, kitapunguza nyuzi chache tu. Samaki usimweke humo, Dodoma wala Tanga.

Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani, sawa na kilo 79 kwa kila mtu. Nilipoisoma takwimu hiyo niliwaza mahoteli na sherehe. Jumanne ile niliwaza bakuli langu la wali. Lilikuwa limekaa nje mchana kutwa kabla ya kuingia kwenye friji. Nililimwaga, na lilikuwa kosa langu la mchana, si la umeme.

Fundi alikuja Alhamisi. Kilichoungua ni kifaa kidogo cha kuwashia kompresa. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hulazimika kusukuma gesi iliyo bado na mgandamizo, inashindwa, inapata moto. Siku hizi nachomoa waya umeme unapokatika, na ukirudi nasubiri dakika 10 ndipo nachomeka. Fundi aliniambia nisubiri pia friji ipoe kwanza kabla ya kuijaza. Nimeijaza nusu tu.

Wiki ijayo, moshi.